Kiatu Gani Kitamfaa Mwenye Kuumwa na Nyayo?

Wako wanachama wetu wengi ambao asubuhi hawainuki kitandani kwa mara moja. Hukaa kwanza ukingoni, wakashusha mguu taratibu, na hatua ile ya kwanza huwa kama wamekanyaga msumari. Wakisha kwenda na kurudi ukumbini mara mbili tatu maumivu hupungua, mtu akajiona mzima, akashika njia ya shamba. Jioni akipumzika kibarazani kisha akitaka kuondoka, msumari ule ule umerudi. Wenyewe huita baridi, au uzee. Aghalabu si hiki wala kile. Ni unyayo uliochoka, nayo ni maradhi yanayojulikana hospitalini na yana njia ya kutibiwa; ila njia yenyewe ni ya polepole, na sehemu yake kubwa imo katika kiatu.

Jambo hili latukhusu sisi watu wa karafuu zaidi ya tunavyodhani. Mchumaji husimama mtini saa nyingi, na tawi hukaa katikati ya unyayo, pale palipo na shimo, si kisiginoni wala vidoleni. Uzito wote wa mwili hulala pahala pasipoumbwa kuuchukua. Mwenye kupokea karafuu na kuzipima husimama kutwa juu ya saruji, na mama anayezigeuza juani hupita juu ya saruji hiyo hiyo pekupeku mara zisizo na hesabu. Zaidi ya hayo, kazi yetu huja kwa kishindo: miezi ya utulivu, kisha msimu ukaingia na kila siku ni kupanda na kushuka. Unyayo haupendi kushtukizwa namna hiyo. Na mchumaji mwenye kisigino kibovu hupanda kwa mashaka, akaegemea mguu mmoja. Kila mmoja wetu anajua mashaka ya mtini huishia wapi.

Hatusemi mchumaji apande na viatu. Pekupeku ndiko kunakofaa mtini, kwani mguu wazi hulijua tawi. Kiatu tunachokizungumza hapa ni cha njiani, cha sakafuni na cha nyumbani.

Ili tuuelewe unyayo wenyewe, tuvuke bahari kidogo twende bara mpaka Ngorongoro, kwani huko imehifadhiwa moja katika khabari za kale kabisa za nyayo duniani. Kusini ya Bonde la Olduvai, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, pana pahala paitwapo Laetoli. Zamani za miaka milioni tatu na laki sita na zaidi, volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, na viumbe waliokuwa wakitembea kwa miguu miwili wakapita juu yake. Jua likayakausha majivu yale yakawa kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Mwaka 1976 wenziwe Bibi Mary Leakey waliziona huko nyayo za wanyama, na mwaka 1978 mmoja wao, Paul Abell, akaziona zile zinazofanana na zetu. Walipokwisha kufukua walipata njia yenye urefu wa mita 27 hivi, na nyayo kama 70 ndani yake. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walipata nyayo nyingine karibu na zile, wakatoa khabari zake mwaka 2016. Mmoja katika wapitaji hao wamemkadiria kimo cha sentimita 165.

Nyayo zile za mwaka 1978 zimefukiwa tena kwa mchanga na mawe ili zisiharibiwe na mizizi ya miti, na mgeni aendaye Olduvai huonyeshwa nakala yake katika jumba la makumbusho. Ukizitazama utaona kisigino kimezama kwanza, ubavu wa nje ukafuata, na kidole gumba kimelala sawa na wenziwe, si upande kama cha nyani. Wataalamu wangali wakibishana kama shimo la katikati ya unyayo wa wale wakale lilikuwa sawasawa na letu. Lakini ule mwendo wa kisigino kwanza na gumba mwisho ndio huu tuendao nao sokoni leo.

Sasa, shimo hilo la katikati ndilo lenye siri. Fikirini upinde wa mshale: mti uliopindwa, na upote unaouzuia usinyooke. Mifupa ya mguu ndiyo mti. Upote ni kano pana na ngumu iliyo chini ya ngozi, itokayo chini ya mfupa wa kisigino hadi penye mizizi ya vidole. Mtu akikanyaga, upinde hushuka kidogo na upote ukakazika. Akiinua kisigino, upote humsaidia kusukuma mbele. Maelfu ya mara kwa siku moja. Ukizidishiwa kazi, huanza kuchakaa pale uliposhikana na mfupa wa kisigino. Usiku mtu akilala, miguu hulegea na upote hufupika. Asubuhi hatua ya kwanza huuvuta kwa ghafla, na ndio ule msumari. Madaktari wakadiria kuwa katika kila watu kumi, mmoja hupatwa na maradhi haya katika umri wake. Mnene hupatwa upesi zaidi, na mwenye kusimama kutwa, na yule ambaye mishipa ya nyuma ya shavu la mguu wake imekaza.

Kutoka kwenye ukingo wa kreta, ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, barabara huteremka mpaka mji wa Karatu. Hapo hapana tambarare. Wairaqw hulima ngano, mahindi na maharage juu ya miinuko, kuna mashamba makubwa ya kahawa yenye wachumaji kama wetu, na Wamasai na Wadatoga hutembeza mifugo masafa ambayo mtu wa kisiwani angepanda gari. Kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni tope lishikalo mguu kama gundi. Mwanariadha Filbert Bayi, aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni mzaliwa wa Karatu. Watu wa namna hii wana lao la kutuambia katika mambo ya miguu.

Kiatu chao mashuhuri ni katambuga, ambacho wengine hukiita akala. Fundi huchukua tairi la gari lililokwisha, akalikata kwa kisu kikali kwa kufuata umbo la mguu, akatia mikanda ya mpira na kuigongomea kwa misumari midogo. Miiba ya mgunga haipenyi. Hakiozi kwa maji, hudumu miaka, na bei yake yamfaa mchungaji. Tena kwa kuwa tairi lina mviringo wake wa asili, soli huinuka kidogo mbele na nyuma, na mguu hubingirika juu yake badala ya kujibwaga.

Mviringo huo una kisa chake Ulaya. Mswisi mmoja, Karl Müller, alitoa mwaka 1996 kiatu chenye soli nene ya mviringo akakipa jina la Wamasai, kwa madai kuwa chamfanya mtu aende kama wao wanavyokwenda pekupeku. Kikauzwa kwa bei ya juu sana, na makampuni mengine yakaiga soli hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya Skechers ilikubali kulipa dola milioni 40 huko Marekani, baada ya serikali kuishtaki kuwa imewadanganya wanunuzi juu ya manufaa ya viatu vyake vya namna hiyo. Wamasai wenyewe, kwa kadiri nijuavyo, waliendelea kukata matairi yao.

Msomaji asije akafahamu kuwa dawa ya kisigino ni katambuga. Tairi ni gumu, halikunjiki penye vidole, mikanda yake huchuna, na msumari ukijitokeza hutoboa nyama. Nguvu ya mchungaji haimo katika tairi bali katika mguu uliozoea tangu utotoni. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong, Sim-Fook na Hodgson, waliandika juu ya miguu ya Wachina waliovaa viatu na ya wale wasiovaa kabisa. Wenye viatu ndio waliokuwa na vidole vilivyopinda na miguu iliyobanwa ikaharibika umbo. Huko India, mwaka 1992, watoto 2,300 walitazamwa nyayo zao. Waliovaa viatu, 8.6 katika kila mia walikuwa na nyayo bapa; wasiovaa walikuwa 2.8 tu. Na mwaka 2019 wataalamu waliopima watu wa Kenya waligundua kuwa sugu nene ya anayetembea pekupeku haimwondolei hisia ya ardhi, hali kiatu chenye soli nene huipunguza.

Basi mtoto tumwache acheze mchangani. Lakini mtu mzima wa miaka 50, mwenye uzito wake, aliyevaa viatu maisha yake yote na ambaye sasa upote wake umechanika, akivitupa viatu leo atajizidishia. Kwake yeye saruji ya nyumbani ni adui. Khasa asitembee pekupeku asubuhi anapotoka kitandani; aweke kiatu chepesi chenye kisigino kidogo pale pale miguuni pa kitanda, na hatua ya kwanza aikanyagie hicho. Wala kisiwe mtawanda, ulio mgumu kama saruji yenyewe, wala kandambili iliyokwisha kulika ikawa nyembamba kama karatasi. Kandambili ina ila nyingine tena: mguu hulazimika kuikamata kwa vidole ili isiponyoke, na kila kukamata ni kuuvuta upote. Gambuti nazo, ambazo wachumaji wa kahawa huzivaa katika tope na ambazo na sisi twazipenda masika, huwa bapa ndani na kisigino huogelea. Avaaye gambuti hana budi kutia kitu ndani, nasi tutakieleza.

Kiatu chema hukijui kwa bei wala kwa jina lililoandikwa ubavuni. Kishike mkononi sokoni, liwe ni duka la Darajani au fungu la mitumba Chake Chake. Bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Ikibonyea kama kitambaa, kirudishe. Kisha shika ncha na kisigino ukikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjikia, na katikati kisimame imara. Kinachokunjika katikati kama chapati hakina msaada wowote kwa upinde wa mguu. Kijaribu pia kukisokota kama unavyokamua nguo. Kiwe kizito kusokoteka. Soli iwe na unene, na nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele, sentimita moja au zaidi kidogo, kwani kisigino kilichoinuliwa humpunguzia upote mvuto.

Nenda kununua jioni, maana mguu huvimba kutwa, na kiatu kilichokutosha asubuhi kitakubana saa kumi. Vaa vyote viwili, usimame, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Ni jambo la kawaida mguu mmoja kuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Nunua kwa kipimo cha ule mkubwa. Mitumba haina ubaya, tena mara nyingi raba za mitumba ni bora kuliko mpya za bei nafuu, lakini pindua uitazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, nawe utalazimishwa kuufuata.

Sasa tuje katika soli za ndani, ambazo siku hizi zinauzwa kwa maneno mengi na kwa fedha nyingi. Wako wanaoambiwa kuwa hawatapona mpaka wachongewe soli ya kipimo chao wenyewe. Huko Australia watu 135 wenye maumivu haya waligawiwa katika mafungu matatu: wengine wakapewa soli za plastiki za kuchongewa, wengine soli ngumu kiasi zilizotengenezwa tayari, na wengine sponji laini nyembamba isiyo na kazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Baada ya miezi mitatu, waliopewa soli za kweli walitembea vyema kidogo kuliko wenye sponji, na baina ya ile ya kuchongewa na ile ya tayari haikuonekana tofauti. Baada ya mwaka mmoja mafungu yote matatu yalikuwa karibu sawa. Mimi naona maana yake ni nyepesi. Soli ya ndani ni gongo la kumsaidia mtu katika miezi ya taabu, nalo gongo la bei ndogo huegemewa sawa na la bei kubwa.

Kwa hiyo fundi viatu wa mtaani aweza kufanya kazi hii akielezwa vizuri. Lowesha mguu, kanyaga sakafu kavu au karatasi ya kaki, utazame alama yako kama wale wataalamu walivyozitazama za Laetoli. Ukiona ubavu wa nje tu ndio ulioacha alama na katikati pako wazi kabisa, upinde wako ni wa juu. Ukiona unyayo mzima umejaa, mguu wako ni bapa. Mpelekee fundi karatasi hiyo. Akate soli ya mpira wenye ugumu wa kati, ule unaobonyea ukiubana kwa kidole kisha ukarudi. Sponji ya godoro haifai, kwani kwa wiki moja huwa imelala. Chini ya shimo la mguu aongeze kipande kilichopunguzwa kingo zake, kisiwe kirefu cha kumchoma mtu, na chini ya kisigino kipande kingine. Mwenye mguu bapa aanze na kipande chembamba. Vaa saa mbili siku ya kwanza, kisha uzidishe. Soli ikileta maumivu mapya gotini au nyongani, itoe.

Kiatu peke yake hakitoshi. Kabla ya kuteremka kitandani, zungusha kanga iliyokunjwa chini ya vidole vya mguu, uvute kuelekea kwako huku goti limenyooka, uhesabu thelathini, mara tatu. Mchana, simama ukingoni mwa ngazi kwa mbele ya nyayo, umeshika ukuta, uinuke taratibu na kushuka taratibu. Chupa ya maji iliyogandishwa, ukiibingirisha chini ya unyayo jioni, hutuliza. Wengi hupona bila ya kisu wala sindano, ila huchukua miezi, na wengine mwaka mzima. Sindano za kutuliza zipo na hospitali huzitoa, lakini nafuu yake ni ya muda na zikizidi zaweza kuidhoofisha ile kano hata ikakatika.

Mtauliza juu ya mafuta yetu wenyewe. Mafuta ya karafuu na ya makonyo yana kitu kinachotia ganzi, na ndiyo sababu madaktari wa meno huyatumia. Yakichanganywa tone chache katika mafuta ya nazi na kusuguliwa, mtu hupata raha. Hayaungi upote uliochanika. Na yakipakwa matupu huunguza ngozi.

Hayo yote ni kwa mguu unaouma. Mguu usiouma pahala palipostahili kuuma ni jambo jingine, zito zaidi. Mwenye kisukari cha miaka mingi aweza kupoteza hisia za nyayo, akatembea na jiwe ndani ya kiatu kutwa asijue. Kwa ukoma ilidhaniwa zamani kuwa nyama huoza yenyewe, mpaka daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India, akaonyesha kuwa vidonda vile vinatokana na mguu kukandamizwa pale pale bila ya mwenyewe kuhisi. Ndipo yakatengenezwa makubadhi ya mpira wenye matundu madogo ndani yake, nayo yakaokoa miguu mingi. Kwetu Tanzania mafundi wa kazi hii hufundishwa Moshi, katika chuo kiitwacho TATCOT kilichopo KCMC tangu mwaka 1981, na mtu wa Karatu akiteremka Arusha hayuko mbali nacho. Mgonjwa wa namna hii haendi kwa fundi wa mtaani, wala hakanyagi maji ya moto, wala hapaki mafuta ya karafuu. Aende hospitali, aombe atazamwe nyayo zote mbili, aelekezwe kwa fundi wa viatu vya hospitali.

Naye nyumbani kila usiku azitazame nyayo zake kwa kioo, au amwombe mwanawe amtazamie. Asubuhi, kabla ya kuvaa, atie mkono ndani ya kiatu mpaka mwisho na kukikung'uta. Katika nyumba zetu wakati wa msimu, kikonyo kimoja kikavu kilichoangukia humo chatosha kufanya kidonda.